Kila Kiti na Mwenyewe

Kila Jumamosi saa nane mchana, mwanamke waliyemwita Mama Viti alifungua mlango wa nyuma wa ukumbi, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akaanza kupanga. Viti vilikuwa sitini. Vilikuwa na miguu ya chuma na ubao wa kukalia, vizito kubeba na vibishi kukunjua, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Alianza mstari wa mbele upande wa kulia, akaenda hadi cha kumi, akarudi na mstari wa pili, kama mtu anayepiga upindo wa shuka. Kushona ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka thelathini na mitatu, kwenye kiwanda cha sare za shule, na hata baada ya kustaafu hakuweza kufanya jambo bila kwanza kulipima.

Ndiyo maana kila kiti kilikuwa na kitambaa. Mgongoni mwa kila kimoja alikuwa amefunga kipande cha nguo, upana wa vidole viwili, kilichokatwa kwenye vazi kuukuu la mwenye kiti. Jambo hilo lilianza zamani, enzi ambazo watu walikuja wengi hadi wakagombania nafasi. Siku moja fundi seremala na mpiga chapa walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya kiti cha tatu mstari wa kwanza. Mama Viti akasema kila mtu amletee kitambaa chake, na Jumamosi iliyofuata ugomvi ukawa umekwisha. Mtu akiingia anakwenda moja kwa moja hadi kwenye kitambaa chake, anakaa, anakunja mikono, anangoja muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa wa jadi: zeze, marimba na ngoma, nyimbo walizozipokea kwa wazee waliozipokea kwa wazee. Wapigaji walikuwa saba, kisha watano, sasa watatu. Zeze lilipigwa na Fundi Saa, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitengeneza saa za watu maisha yake yote kwenye kibanda cha ukubwa wa kabati. Alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Mama Viti. Kwa hiyo walikuwa mashemeji, na walitaniana kwa bidii, kama watu waliopewa kazi hiyo na serikali.

Wasikilizaji nao walipoanza kufariki, hakuna aliyeuliza viti vyao vifanywe nini. Wa kwanza kuondoka alikuwa yule mpiga chapa. Jumamosi iliyofuata Mama Viti alikikunjua kiti chake kama kawaida, kwa kuwa mikono ilishazoea, na watu walipoona kipo, na kitambaa chake cha mistari ya buluu kipo, roho zao zikatulia. Fundi seremala, yule yule aliyetaka kumtwanga ngumi, alikipapasa akipita. Basi ikawa ndiyo desturi. Mtu akifa, kiti chake kinakunjuliwa na hakikaliwi.

Kiti cha kumi na saba, mstari wa pili, kilikuwa cha mume wake. Mume huyo alikuwa mpaka rangi, na hakujua kupiga hata debe, lakini ndiye aliyetunga Wimbo wa Salamu. Aliutunga kwa miaka tisa akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, na jioni akamwimbia mdogo wake, naye akautafutia sauti kwenye zeze. Ulikuwa wimbo wa dakika arobaini. Mtu anatoka nyumbani alfajiri kwenda kazini, na njiani anamsalimia kila mfanyakazi anayekutana naye, mmoja mmoja, kwa maneno ya kazi yake. Ulipokuwa ukipigwa, mpaka rangi alikaa kwenye kiti chake cha kumi na saba na kuyumba mbele na nyuma, na kwa kuwa kiti kilikuwa na mguu uliolegea, kililia: kwii, kwii. Watu walicheka mpaka wakazoea. Mama Viti hakuruhusu fundi yeyote akiguse. Miaka sita sasa hakuna aliyekikalia, na miaka sita wimbo ule haukuwa umepigwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu walipokwisha kuondoka, Fundi Saa alilifunga zeze lake kwenye taulo na kukaa ukingoni mwa jukwaa.

"Shemeji," alisema, "mwisho wa mwezi nafunga."

"Unafunga nini? Kama ni mdomo, nimeliombea hilo miaka mingi."

"Zeze."

Mama Viti alikuwa amebeba viti viwili, kimoja kila mkono. Akavitua.

"Leo nimehesabu," Fundi Saa akaendelea. "Watu kumi na tisa. Wanne wamelala. Mmoja kaamka katikati ya wimbo, kaniuliza kama basi limefika."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia bado kituo kimoja, akarudi kulala. Vidole vyangu vinakakamaa, shemeji. Asubuhi siwezi kushika bisibisi ya saa. Hii nguvu iliyobaki nikaimalizie kwenye usingizi wa watu?"

"Na Wimbo wa Salamu?"

"Nitaondoka nao. Nimpigie nani? Sisi wote humu tunaujua tangu meno yetu yalipokuwa yetu. Nikiupiga hapa wataubeba hadi wapi? Makaburini ni mtaa wa pili tu."

"Tuuweke kwenye simu, basi. Mjukuu wangu anajua."

"Simu haina masikio, ina tundu. Siwezi kulipigia tundu." Akasimama, taulo kwapani. "Niletee kijana mmoja. Mmoja tu, akae kitako tangu salamu ya kwanza mpaka ya mwisho. Siku hiyo nitaupiga. Asipopatikana, mwisho wa mwezi tunaagana."

Alipotoka, Mama Viti alikaa kwenye kiti chake, cha kumi na nane, ubavuni mwa kile kitupu. Aliwahi kuyaandika maneno ya wimbo ule daftarini, yote. Lakini kila alipoyasoma aliona kama nguo iliyokatwa ikaachwa bila kushonwa: mikono ipo, shingo ipo, huwezi kuivaa. Zeze ndilo lililokuwa uzi. Na uzi ulikuwa kwenye vidole vya mtu mmoja.

Jumatatu alikwenda saluni kwa mjukuu wake. Msichana huyo alikuwa msusi, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alimwamkia bibi yake shikamoo, akampa kigoda, akaendelea kusuka kichwa kilichokuwa mbele yake.

"Mke mwenzangu leo umekuja kusuka mtindo gani?" aliuliza.

"Nimekuja kuona kama mume tuliyekuwa naye amekuachia akili yoyote," Mama Viti akasema, kisha akamweleza habari yote.

Mjukuu alisikiliza huku vidole vikienda. "Bibi, nyinyi mnabandika tangazo mlangoni mwa ukumbi. Anayelisoma ni yule aliyekwisha kufika. Niachie mimi. Mimi nina watu ambao hawawezi kukimbia." Akagonga kwa chanuo bega la mteja wake. "Huyu nimemshika kichwa kwa saa nne. Aende wapi?"

"Wala sina pa kwenda," mteja akasema, akitazama chini.

Kwenye simu yake mjukuu alikuwa na nyimbo fupi fupi za kikundi alizorekodi siku za nyuma. Kuanzia siku hiyo alizipiga saluni, si kwa sauti kubwa, kiasi cha kusikika kati ya mazungumzo na kikaushio cha nywele. Siku ya kwanza mtu mmoja aliomba abadilishe. Siku ya pili hakuna aliyeomba. Siku ya tatu, msichana aliyekuja kukata ncha tu alibaki amekaa baada ya kumaliza, akauliza kile chombo kinacholia kama mtu anayebembeleza kinaitwaje. Ijumaa mjukuu alimpigia simu bibi yake.

"Wanakuja kesho. Mimi siwezi, Jumamosi ndiyo siku yangu ya vichwa. Lakini wanakuja, na wengine wanaleta wenzao."

Na kweli walikuja. Saa tisa kasorobo Mama Viti alichungulia kutoka chumba cha nyuma akaona vijana wakiingia, wawili, watatu, mpaka kumi na mmoja. Alirudi mbio nyuma ya pazia, ambako Fundi Saa alikuwa akikaza uzi wa zeze na mpiga ngoma akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

"Kumi na mmoja," alisema. "Uliomba mmoja. Wengine ni nyongeza."

Fundi Saa alipangusa zeze kwa leso, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Walikubaliana waanze na nyimbo tatu fupi, kisha Salamu. Mama Viti alibaki nyuma kumsaidia mpiga marimba, aliyehitaji mtu wa kumshikia kigoda kila alipoinuka. Wimbo wa kwanza ulipigwa. Wa pili ukapigwa. Alipochungulia tena, vijana walikuwa wamesimama ukutani, na walionekana sita tu. Wimbo wa tatu ulipokwisha hakubaki hata mmoja. Mlango wa mbele ulikuwa bado unachezacheza kwenye bawaba.

Fundi Saa aliutazama mlango ule kwa muda. Kisha akapiga wimbo mwingine mfupi, na mwingine, kama kawaida, mpaka saa kumi na moja.

"Nilikwambia," alisema akifunga taulo. Hakusema kwa ubaya. Mama Viti angependa zaidi kama angesema kwa ubaya.

Jumatatu alirudi saluni uso umemshuka.

"Vijana wenu hawana subira," alimwambia mjukuu kabla hata ya kuketi. "Nyimbo tatu, wametoka. Hata kukaa hawakukaa."

Kwenye kiti cha kusukia alikuwa amekaa mwanamke kijana, mabega mapana, viatu vizito vya kazi miguuni, mikono imejaa alama ndogo ndogo za kuungua. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima walimwita Cheche.

"Shikamoo, Bibi," Cheche alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Marahaba. Kumbe ni wewe. Haya, nieleze basi, muziki wetu una kasoro gani?"

"Muziki hauna kasoro. Kukaa ndiko kulinishinda. Mimi nilikaa viti vinne."

Mjukuu aliacha kusuka.

"Nilikaa cha kwanza, mbele," Cheche akaendelea, kwa heshima kabisa. "Akaja mzee mmoja mwenye koti zito, akaniinamia, akaniambia, samahani mwanangu, hicho ni cha mpiga chapa. Nikauliza, ametoka kidogo? Akasema, amefariki, huu mwaka wa kumi na moja. Nikasema poleni. Nikahamia nyuma. Akaja, samahani mwanangu, hicho cha mkunga. Naye? Naye pia. Nikasema poleni. Cha tatu kilikuwa cha seremala. Cha nne sikungoja aniambie, niliinuka mwenyewe nilipoona anavua kofia."

Mteja mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio alianza kutikisika kwa kicheko. Mama Viti hakucheka.

"Mwishowe nikamwuliza, mzee, kuna kiti cha mtu aliye hai? Akasema, vipo vingi, lakini wenyewe wamevikalia." Cheche alitazama viatu vyake. "Sikutaka kuvunja adabu, Bibi. Siku ile nilichomelea geti tangu asubuhi nimesimama. Miguu ilikuwa inawaka moto. Na wenzangu wakaona kama, sijui nisemeje, kama tumeingia msibani kwa watu tusiowajua. Tukaondoka polepole."

Kwenye simu iliyokuwa juu ya rafu zeze liliendelea kubembeleza.

"Huyo mwenye koti hakukosea," Mama Viti alisema hatimaye. "Anafanya nilivyomfundisha."

Alikwenda nyumbani, akatoa daftari lake la viti, akakaa nalo mezani. Alikuwa amechora kila mstari, na ndani ya kila mraba ameandika mwenye kiti. Alichukua kalamu na kuweka nukta kwenye kila mraba ambao mwenyewe hayupo tena duniani. Hakufanya haraka. Alipomaliza alihesabu, kisha akahesabu tena kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akihesabu vifungo kiwandani. Arobaini na moja. Kila Jumamosi alibeba viti arobaini na moja kwa mikono yake, akavipangusa, akavipanga kwa upendo wote, na kwa upendo huo huo akawa amefunga mlango. Alijaribu kujikasirikia akashindwa. Alijua kila kitambaa kilitoka kwenye nguo gani.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, alikwenda ukumbini na mkasi wake wa kushonea. Alikaa kwenye kigoda cha mpiga marimba, akakivuta kiti cha mpiga chapa mbele yake, akakata uzi.

"Usinune," alikiambia kitambaa cha mistari ya buluu. "Umekaa vya kutosha."

Akaenda kwa mkunga. Akaenda kwa seremala. Alikuwa kwenye kitambaa cha ishirini na kitu Fundi Saa alipoingia kuchukua mafuta ya kulainishia uzi wa zeze, akakuta mapaja ya shemeji yake yamejaa watu.

"Unawafukuza?"

"Nawahamisha. Kaa hapa, nitungie sindano. Macho yako yamezoea vitu vidogo."

Alikuwa amekuja na shuka jeupe. Walikaa wawili pale jukwaani mchana kutwa, Fundi Saa akitunga uzi na kupanga vitambaa, Mama Viti akivishona kwenye shuka safu kwa safu, kwa mpangilio ule ule wa viti. Walizungumza kila kitambaa kilipopita mkononi. Huyu aliyekuwa akipiga makofi nje ya mdundo. Huyu aliyekuja miaka kumi na miwili na hakuwahi kusema alichopenda, mpaka siku alipolazwa akaomba aimbiwe. Huyu aliyekuwa akimtumia mkunga pipi kupitia mstari mzima, na mstari mzima ukijua, na mume wa mkunga akichukua moja njiani.

Jioni walimaliza. Fundi Saa alilinyoosha shuka, akahesabu kwa kidole.

"Arobaini," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ni arobaini na moja."

"Ulidhani vibaya."

Fundi Saa alitupa jicho mstari wa pili, kiti cha kumi na saba, ambako kipande cha suruali ya kazi chenye madoa ya rangi nyeupe kilikuwa bado kimefungwa. Akarudisha sindano kwenye kibweta chake.

Jumamosi Mama Viti hakukunjua viti sitini. Alipima. Kumi na tisa vya walio hai, kimoja cha mume wake, na kumi na sita bila kitambaa chochote, kwa sababu mjukuu alikuwa amesema watakuja kumi na watano. Vilivyobaki alivifungia stoo. Shuka alilitundika ukutani, nyuma ya wapigaji.

Mzee mwenye koti alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama kati ya safu, akageuka huku na huku kama mtu aliyeteremka kituo kisicho chake.

"Mama Viti. Mpiga chapa atakaa wapi?"

"Tazama ukutani. Mstari wa kwanza, wa tatu."

Mzee alisogea hadi jukwaani. Alikitafuta kitambaa cha mistari ya buluu, akakiona.

"Sasa yuko mbele kuliko sisi sote," Mama Viti alisema. "Anatutazama usoni."

Mzee mwenye koti alilifikiria jambo hilo. "Alipenda mbele," akasema mwishowe, akaenda kukaa. Vijana walipoanza kuingia, yeye ndiye aliyewaashiria viti. "Karibu mwanangu, hapa hapana mtu. Kweli kabisa. Hapana mtu."

Viti kumi na sita vikajaa. Fundi Saa alitoka na zeze, akaviangalia vile vichwa vyeusi vilivyochanganyika na vyeupe. Hakuanza na nyimbo fupi. Alikaa, akaweka zeze kifuani, akasema, "Huu utakuwa mrefu kidogo. Mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa." Wazee wote walikohoa, kwa utii, na vijana wakacheka.

Wimbo wa Salamu ulikuwa na sharti moja ambalo wazee walilijua: ukishaanza, hakuna anayeinuka wala kukokota kiti mpaka uishe. Fundi Saa alimsalimia mfagiaji. Alimsalimia muuza magazeti. Alimsalimia dereva wa gari la takataka. Lakini Mama Viti, aliyeujua wimbo ule kama anavyojua mshono wake mwenyewe, alianza kusikia kitu kibaya. Ulikuwa unakimbia. Fundi Saa alikuwa na hofu ya kuwapoteza, na kwa hofu hiyo kila salamu aliipiga haraka kuliko iliyotangulia, na mpiga ngoma alimfuata, na mpiga marimba alibaki nyuma akihema. Ikawa si mtu anayesalimia watu njiani. Ni mtu aliyechelewa kazini. Kijana mmoja alitoa simu mfukoni. Mwingine alimnong'oneza mwenzake.

Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguka, Cheche akaingia. Alikuwa na vumbi la chuma usoni na nywele mpya alizosukwa saluni. Alitazama safu. Hakukuwa na nafasi ila moja, ya kumi na saba. Alipiga hatua kuiendea, akaona kitambaa, akasimama. Akarudi nyuma polepole, akaegemea ukuta, akapumzisha mguu mmoja juu ya mwingine.

Mama Viti alivitazama vile viatu vizito. Stoo ilikuwa imefungwa, na hata kama ingekuwa wazi, viti vile vikikunjuliwa vinapiga kelele kama sufuria zikianguka. Alinyoosha mkono ubavuni mwake, kwenye kitambaa cha mume wake. Fundo alilifunga mwenyewe, fundo la kiwanda, lisilofunguka kwa kuvutwa. Alilibonyeza kwa kucha mahali panapotakiwa, likalegea. Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaupiga ule ubao kwa kiganja mara mbili, taratibu.

Cheche alimtazama ili kuwa na hakika. Mama Viti akamwashiria kwa kichwa: njoo. Msichana akaja kwa ncha za vidole, akakaa, akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, Fundi Saa akiwa anamsalimia mwoka mikate kwa mbio, Cheche alianza kuyumba. Hakujua anayumba. Ndivyo mwili wake ulivyosikiliza. Mbele, nyuma.

Kwii.

Fundi Saa aliinua kichwa.

Kwii.

Mkono wake ulisita juu ya uzi, kidogo tu, kiasi ambacho asiyejua asingesikia. Kwii, kiti kikalia tena, bila haraka yoyote, na zeze likakingoja. Likalia baada yake, na baada yake tena. Mpiga ngoma alitabasamu akapunguza mwendo. Mpiga marimba akawafikia. Wazee waliokuwa wamesinzia walifumbua macho mmoja mmoja, na mzee mwenye koti akageuka kabisa kutazama mstari wa pili, kisha akageuka mbele upesi na kutafuta leso.

Yule kijana mwenye simu aliisahau mkononi. Mtu wa kwenye wimbo sasa alikuwa anatembea, anasimama, anasalimia, anangoja kuitikiwa. Alimsalimia mhunzi, na Cheche akainua kidevu. Alimsalimia mshonaji wa sare, ubeti ambao Mama Viti hakuwahi kuusikia bila aibu, kwa kuwa ulimsifu vidole mbele za watu. Wa mwisho kusalimiwa alikuwa mpaka rangi. Fundi Saa aliimba kwa sauti iliyochakaa:

"Habari ya ngazini, wewe uliye juu,
ukuta umeshakauka, teremka tuonane."

Uzi wa zeze ulitetemeka kwa muda, ukanyamaza. Kiti kililia mara moja zaidi, kisha nacho kikatulia. Wa kwanza kupiga makofi walikuwa vijana.

Baadaye watu walizagaa ukumbini, vijana wamemzunguka Fundi Saa wakitaka kuligusa zeze, naye akiwaonya kama wametaka kumgusa jicho. Msichana mmoja aliuliza kwa nini hakuna salamu ya msusi. Akajibiwa kwamba mtunzi alikufa kabla mjukuu wake hajashika chanuo. Cheche alibaki na Mama Viti mstari wa pili. Alikuwa amekigeuza kile kiti miguu juu na kukichunguza kwa jicho la kazi.

"Bibi, hiki kiti chenu kinalia. Nimeona aibu wimbo mzima. Tatizo ni hapa, kiungo kimeachia. Jumamosi nikija na mashine, ni dakika mbili."

Wazee wote ukumbini waligeuka.

"Usikiguse," walisema, karibu kwa pamoja.

Cheche alikirudisha chini kwa uangalifu, kama kimemwunguza. "Samahani. Kina mwenyewe?"

Mama Viti alikuwa ametia mkono mfukoni, ameshika kile kitambaa chenye madoa ya rangi. Alitaka kujibu, lakini Fundi Saa alimtangulia kutoka jukwaani, bila kuinua macho kwenye taulo alilokuwa akilikunja.

"Kina mwenyewe ndiyo. Ni wewe. Jumamosi uje mapema, saa nane na nusu, kabla sijaanza. Na ukayumbe vile vile ulivyoyumba leo, usiongeze."

"Jumamosi gani, shemeji?" Mama Viti aliuliza. "Si ulikuwa unafunga?"

"Nafunga," alisema Fundi Saa, akikaza fundo la taulo. "Huoni ninafunga? Halafu Jumamosi nitafungua."

Mama Viti alimwambia Cheche amletee kipande cha nguo yake ya kazi, upana wa vidole viwili, chenye tundu za cheche kama kipo. Kisha akaanza kukunja viti, kutoka mstari wa nyuma, na mara hii alikuwa na watu wengi wa kumpokea.